Matoleo Matatu ya Tsubame

Mara ya tatu Chizuru Momose alipokwenda kwenye duka la magari pale Matsumoto, alikuwa anaijua ile karatasi kuliko aliyempa. Ilikuwa na safu tatu, na kila safu ilieleza toleo moja la gari lile lile. Gari lenyewe liliitwa Tsubame, dogo, la watu wawili, paa la turubai, limelala chini kiasi kwamba mtu akishuka ni kama anainuka kutoka kwenye mkeka. Chizuru alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Alikuwa mfamasia katika duka la dawa la Maruko, ng'ambo ya mlima, kilomita thelathini na moja kwenda na thelathini na moja kurudi, siku tano kwa wiki, kiangazi na theluji. Gari hilo hakulitaka la kuoshwa Jumapili na kufunikwa turubai. Alilitaka la kumpeleka kazini.

Mahitaji yake yalikuwa matatu tu, na aliyaona ni ya mtu mzima mwenye akili timamu. Alitaka gia za mkono, maana ndizo alizojifunzia na ndizo zilizomfanya alipende gari tangu zamani. Alitaka viti vyenye hita, kwa sababu kiuno chake kiliharibika katika miaka sita ya kumnyanyua mama mkwe kitandani, na asubuhi za Januari Matsumoto hushuka nyuzi kumi chini ya sifuri. Na alitaka springi laini, kwa sababu hiyo hiyo ya kiuno.

Karatasi ilikataa. Toleo la S, la bei nafuu, lilikuwa na gia za mkono na springi laini, lakini viti vyake vilikuwa vitambaa vitupu visivyo na hita. Toleo la L lilikuwa na springi laini na viti vya ngozi vinavyopata moto kabla hujamaliza kufunga mkanda, ila tangu mwaka huo liliuzwa kwa gia za otomatiki pekee. Toleo la R lilikuwa na gia za mkono na hita, lakini shokapu zake zilikazwa kwa ajili ya watu wa mashindano, na bampa la mbele lilishuka karibu liguse lami. Kila safu ilimpa mawili na kumnyima moja, na lile alilonyimwa halikuwa lile lile mara zote.

Muuzaji, Bwana Karasawa, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye suti iliyombana mabegani, alimweleza kwa upole ule ule wa mara mbili zilizopita kwamba kupanga matoleo si kazi ya duka. Kiwandani waliwahoji wanunuzi, na wengi wa wanaopenda viti vya ngozi walisema hawaitaki klachi.

"Mimi walinihoji?" Chizuru aliuliza.

Karasawa aliitazama karatasi kana kwamba jibu lingekuwa humo. "Nadhani wewe hukuwa miongoni mwao, Bi. Momose."

Chizuru akamwambia kwamba hita ya kiti ni waya na kitambaa, basi. Wakiitia kwenye S dunia haitapasuka. Karasawa akajibu kwamba waya za S hazikupitishwa chini ya kiti, kwamba kuna mfuko wa hewa ubavuni mwa kiti hicho, na kwamba fundi yeyote akikifungua, dhamana ya gari imekwisha siku hiyo hiyo. Alisema yote hayo kwa masikitiko ya kweli. Kisha akafanya kile alichokuwa akikifanya kila mara, na ambacho kila mara kilimchemsha Chizuru damu: akamgeukia mume wake, aliyekaa kando yake.

"Na Bwana Momose anaonaje?"

Nobuaki Momose alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Alifanya kazi katika chama cha ushirika wa wakulima, idara ya mbegu, na alikuwa mtu wa maneno machache hata nyumbani. "Mimi naona L ni zuri," alisema. "Linatulia."

Chizuru alikunja karatasi mara nne na kuitia mkobani.

Nyumbani walikuwa na kagari kadogo ka boksi, ka rangi ya maziwa, kalikonunuliwa kwa sababu mlango wake wa nyuma ulipitisha kiti cha magurudumu. Kwa miaka sita kalinuka dawa ya kuchua na chai iliyomwagika. Mama mkwe alifariki mwezi Machi. Mwezi Juni binti yao, Ayane, alipata kazi Nagoya na kuhama. Mwezi Agosti Chizuru alikuwa amesimama kwenye taa za barabarani pale Tsubame moja ilipopita mbele yake paa likiwa wazi, na mwanamke aliyeiendesha alikuwa na mvi. Kabla ya kuolewa Chizuru mwenyewe aliwahi kuwa na gari la viti viwili, kuukuu, alilonunua kwa mshahara wake wa kwanza. Aliliuza alipokuwa na mimba ya Ayane. Hakuna aliyemlazimisha, lilikuwa jambo lililo wazi tu, kama kufunga dirisha mvua ikinyesha. Lakini siku ile ya taa za barabarani alihesabu, akakuta ni miaka ishirini na saba tangu mtu amuulize anataka gari gani, na kwamba hata yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

Kwa hiyo aliamua kuchagua vizuri. Na kuchagua vizuri ndiko kulikomtesa.

Kaka yake, Teruo, alikuwa na gereji upande wa Shiojiri. Ujanani alikuwa akipanda milima kwa magari yaliyopigwa msasa na kupakwa rangi mpya kila baada ya ajali. Alipopata habari alimpigia simu Chizuru kila siku wakati wa chakula cha mchana, dada yake akiwa na vijiti vya kulia mkononi na wali ukipoa.

"S ni la mwanafunzi," alimwambia. "L ni la mtu anayekwenda kucheza gofu. Chizu, ukisema umenunua Tsubame halafu si R, mimi nitawaambia watu wewe si dada yangu."

"Kaka, kiuno changu."

"Kiuno kitazoea."

Akalijaribu R. Karasawa alikaa kushoto kwake, wakapanda barabara ya kuelekea chemchemi za Asama. Injini ilikuwa tamu na usukani ulikuwa mwepesi kama kushika mkono wa mtu, lakini kila mfuniko wa mtaro wa maji ulimfikia moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, bila kupitia popote. Walipoingia kwenye kiwanja cha duka dogo ili wageuze, bampa likakwaruza kizingiti kwa sauti ya sahani inayoburutwa kwenye saruji. Karasawa alisema kwamba sauti ni mbaya kuliko madhara. Siku mbili baada ya hapo Chizuru alihesabu vidonge vya wagonjwa akiwa ameegemea kaunta kwa mkono mmoja, na bibi mmoja aliyekuja kuchukua dawa ya presha akamwonea huruma na kumpa jina la daktari wake wa mifupa.

Akalijaribu L. Kiti kilimkumbatia, joto likampanda kiunoni kama maji ya kuoga, na kwa kilomita mbili aliamini kwamba shida imekwisha. Kisha wakaanza kuteremka, na gari likajichagulia gia. Lilichagua vibaya, likajirekebisha, likachagua tena. Mkono wake wa kushoto ulikaa mapajani bila kazi. Alijisikia kama mgeni anayekatazwa kuingia jikoni.

Waliporudi, Karasawa alimwalika Nobuaki naye ajaribu, kwa kuwa leseni yake ilikuwa imeshanakiliwa pamoja na ya mkewe. Nobuaki aliliendesha L dakika ishirini, akarudi na mashavu mekundu. Karasawa alipompa ufunguo wa S alikataa. Goti, alisema. Klachi haipatani na goti lake.

S lenyewe Chizuru alilijaribu mwisho, peke yake, kwa kuwa Karasawa alikuwa na mteja mwingine na sasa alimwamini. Lilikuwa na uzito mdogo kuliko yote na halikuwa na mapambo. Kwenye kona ya pili ya mlima alishusha gia kutoka ya tatu hadi ya pili, mguu na mkono vikakutana bila yeye kuviambia, gari likainama kidogo na kutoka upande wa pili wa kona likiwa linaimba. Chizuru alicheka kwa sauti, ndani ya gari, bila mtu. Kiuno hakikusema neno. Lakini ilikuwa Oktoba, jua linawaka, na watu walikuwa wamevaa mashati.

Kwa hiyo alijipima. Wiki nzima, asubuhi baridi ilipoanza kuuma, alikwenda kazini na kale kagari ka boksi bila kuwasha hita ya viti. Hewa ya moto kutoka kwenye injini ilianza kufika miguuni karibu na handaki la Misayama, na hapo kiuno kilikuwa kimeshakuwa ubao. Alirudi nyumbani akichechemea kidogo. Aliandika S kwenye kona ya gazeti, akaifuta. Aliandika L. Jumanne alimuuliza Nobuaki kama angekuwa yeye angefanyaje, naye akasema L, na Chizuru akakasirika kwamba alimjibu, kisha akakasirika kwamba alikuwa amemuuliza. Jumatano Karasawa alituma ujumbe kukumbusha kwamba kiwanda kitafunga kitabu cha oda mwisho wa mwezi, na baada ya hapo ni kusubiri karibu mwaka mzima.

Ijumaa, katika mapumziko ya mchana, alifika mwisho. Alikuwa amesimama kwenye chumba cha akiba nyuma ya duka la dawa, kati ya maboksi ya barakoa, akagundua kwamba kila alipofikiria L alikuwa anafikiria kiti, na kila alipofikiria S alikuwa anafikiria barabara. Akampigia Karasawa palepale na kumwambia: S.

Karasawa alisikika akifungua faili.

"Samahani, Bi. Momose," Karasawa alisema. "Oda yenu imeshaingia. Bwana Momose alikuja jana saa sita mchana, akapiga mhuri wake wa jina. L, rangi nyekundu. Nilidhani mmekubaliana."

Chizuru alimshukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akakata simu. Mchana ule alirudia kuhesabu dawa za mgonjwa mmoja mara tatu kwa kutojiamini.

Alipofika nyumbani, jua lilikuwa bado halijazama. Nobuaki alikuwa kibarazani, amekaa kwenye gazeti, anamenya kaki, matunda ya rangi ya chungwa ya kutundika yakauke. Ishirini na kitu yalikuwa tayari yameshaning'inia kwenye kamba chini ya paa. Alimkaribisha. Chizuru hakuvua koti.

"Baba, umeniagizia gari."

Kisu kilisimama. Nobuaki alisema kwamba alitaka iwe zawadi, kwamba Karasawa hakupaswa kusema, kwamba mwezi mzima mkewe halali vizuri, anaandika herufi kwenye magazeti. "Nilitaka kukuondolea mzigo, mama."

"Mzigo ule ulikuwa wangu," Chizuru alisema. "Nilikuwa naupenda."

Alitaka kuendelea, na maneno yalikuwapo, yamejipanga tangu Misayama. Angemwambia kuhusu kitanda cha mama yake, na lile gari alilouza, na Karasawa anavyogeuza kichwa kila mara. Lakini Nobuaki alikuwa ameshika kaki iliyomenywa nusu na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa barua asiyoielewa, na Chizuru akachoka ghafla. Akaingia ndani na kuosha mchele.

Jumapili walikwenda dukani pamoja. Karasawa aliinama mara nyingi. Alieleza kwamba kiwanda hakitathibitisha oda hadi Jumanne, kwa hiyo inaweza kufutwa na kuandikwa upya, mradi mhuri ule ule wa jina, ulio badala ya saini, upigwe kwenye karatasi ya kufuta. Akaongeza kwamba katika S nyekundu haipo. Rangi hiyo ni ya L na R. Kwa S kuna nyeupe, kijivu, na kijivu kingine. Chizuru alimwambia aandike kijivu chochote.

Nobuaki alikuwa anajipapasa mifuko. Mhuri, alisema, ameusahau nyumbani. Alisema kwa namna ambayo Chizuru alijua kwamba hakuusahau.

Na Karasawa akajaribu kusaidia. "Kwa kweli namwelewa Bwana Momose," alisema. "S likija, yeye hataweza kuliendesha hata kulisogeza tu hapo nje. Kwa leseni yake, maana yangu. Niliiona nilipoandika oda."

Chizuru alimtazama Karasawa. Kisha akamtazama mume wake. Nobuaki alikuwa anatazama meza.

"Leseni yake ina nini?"

Karasawa alikwishatambua kwamba amekanyaga pabaya, lakini nakala ilikuwa ndani ya faili, na faili lilikuwa wazi. Chizuru alilivuta. Chini ya picha ya Nobuaki, katika mstari wa masharti, ambapo kwenye leseni ya Chizuru paliandikwa miwani tu, paliandikwa: magari ya otomatiki pekee.

Miaka ishirini na minane ya ndoa. Kagari ka boksi kalikuwa otomatiki. Lililotangulia pia lilikuwa otomatiki. Nobuaki ndiye aliyelichagua. Na kule ushirika, ambako malori madogo ya kubebea mbegu yote ni ya gia za mkono, siku zote alikuwapo mtu mwingine wa kuendesha, kwa sababu ya goti. Chizuru alijaribu kukumbuka kama amewahi kuona goti hilo likivimba.

Kurudi nyumbani aliendesha yeye. Nobuaki alianza kuzungumza walipovuka mto, akiangalia mbele. Alisema alishindwa mtihani mara mbili, mwaka ule wa tisini na tatu. Gari lilimzimikia kwenye kilima cha mazoezi, mbele ya vijana wa miaka kumi na minane. Mama yake ndiye aliyelipa ada, akamwambia ahamie otomatiki, hakuna atakayejua. Na kweli hakuna aliyejua. Kisha akakutana na Chizuru, na mara ya kwanza Chizuru alipompa lifti katika lile gari lake la viti viwili, alikuwa anabadilisha gia bila kuangalia huku akimenya chungwa. Angemwambiaje?

"Ungeniambia," Chizuru alisema.

"Halafu ukipata shida kule mlimani," alisema, "kiuno kikikataa, wewe na gari mko kando ya barabara, theluji inaanguka. Unanipigia mimi. Nakuja, halafu nafanya nini? Nasimama pale kama mpita njia." Akaongeza: "Na nilitaka kuliendesha na mimi. Siku mojamoja."

Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Tangu Ijumaa alikuwa amejenga hasira nzuri, imara, na aliitegemea. Alitaka sababu ya mumewe iwe mbaya, iwe ya ubahili au ya kiburi, ili aipige teke. Badala yake amepewa sababu ambayo mtu hawezi kuipiga teke bila kujiona mshenzi. Na bado haikubadili kitu. Bado mkono wake ungekaa mapajani bila kazi kila asubuhi, kilomita thelathini na moja, mpaka astaafu, ili Nobuaki aendeshe siku mojamoja.

Alilala na hilo na kuamka nalo. Jumatatu jioni, kabla ya chakula, aliweka karatasi ya kufuta oda mezani, mbele ya Nobuaki.

"Nimekusikia," alimwambia. "Nimekuelewa kabisa. Na nataka S. Lete mhuri, baba."

Nobuaki aliinuka, akafungua droo ya kabati, akautoa. Aliupuliza pumzi kama anavyofanya siku zote, akaugandamiza kwenye wino, akapiga. Hakuwa amekasirika, au kama alikuwa, hakumwonyesha.

Gari lililetwa Februari, siku ya theluji, juu ya lori. Lilikuwa kijivu cha maji ya kuoshea vyombo. Teruo alikuja kuliona, akalizunguka mara moja mikono ikiwa mfukoni, akasema angalau tairi za theluji za saizi hiyo ni rahisi kupatikana. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Baridi ilikuwa kama Chizuru alivyoitabiri, na zaidi. Asubuhi ya kwanza kiti kilipenya koti, sweta na fulana ya sufu, kikamshika kiuno kama koleo. Alifika Maruko amekunjamana na ilimbidi ajishike mlangoni ili atoke. Kule mlimani, kabla ya handaki, palikuwa na kona nne ambazo alizifurahia. Alizihesabu: nne. Nyingine zilikuwa na chumvi na matope na malori. Akaanza kununua dukani kwake vile vifuko vya joto vya kubandika nguoni, ambavyo yeye mwenyewe huwaonya wateja wasivitumie kupita kiasi, akawa anabandika viwili kiunoni kila asubuhi. Wiki ya pili kimoja kilimbabua ngozi, doa jekundu la ukubwa wa sarafu. Alijipaka dawa na hakusema. Karatasi za vifuko alizitupa kwenye pipa la kazini. Asingempa mtu yeyote nafasi ya kumuuliza kama si bora angechukua L.

Nobuaki hakuuliza. Alikuwa anachelewa kurudi Alhamisi na Jumamosi, akisema ni hesabu ya mbegu za majira ya kuchipua. Katikati ya Machi Chizuru alipokea bahasha kutoka chuo cha udereva, akadhani ni tangazo, akaifungua. Ilikuwa ratiba ya Bwana Momose Nobuaki, masomo manne ya kuondolewa sharti la otomatiki, pamoja na taarifa kwamba mtihani wake wa tarehe nane hakuufaulu na tarehe mpya ni ishirini na mbili. Sababu, kwa mwandiko wa mkufunzi: kuanza mwendo kwenye kilima.

Aliirudisha karatasi ndani ya bahasha na kuigundisha upya kwa gundi ya mchele. Tarehe ishirini na mbili alipika wali wenye maharage mekundu, ule wa kupongezana, kisha akaogopa kwamba itaonekana anajua, akaula mwenyewe jikoni na kupika tambi. Nobuaki aliingia. Akaweka leseni mezani juu chini, na nyuma yake palikuwa na mhuri mpya wa polisi ulioondoa sharti.

"Mara ya pili," alisema. "Mkufunzi ni mdogo kuliko Ayane."

Jumapili ya kwanza ya Aprili aliomba ufunguo. Alisema watakwenda kula tambi za soba Maruko, kwenye lile duka la karibu na mto ambalo Chizuru hulisifu. Chizuru alimpa. Akakaa kushoto, mahali ambapo hakuwahi kukaa katika gari lile, na akaona jinsi dashibodi ya S ilivyo tupu upande huo: plastiki tu.

Gari lilizimika langoni mwa nyumba. Lilizimika kwenye taa za kwanza, na za pili. Kwenye za tatu, zilizo kwenye mwinuko mdogo kabla barabara haijaanza kupanda mlima, lilizimika mara mbili mfululizo, na basi lililokuwa nyuma yao likapiga honi fupi, ya adabu, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ndefu. Jasho lilimtoka Nobuaki nyuma ya masikio. Gia ya pili iliingia kwa mlio wa vijiko vinavyomwagika, na Chizuru aliusikia mlio huo kwenye meno.

"Usinisaidie," Nobuaki alisema.

"Sijasema kitu."

"Mkono wako unasema."

Chizuru aliutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa hewani, karibu na mkono wa gia. Aliukalia.

Kwenye zile kona nne mume wake alikwenda kwa gia ya tatu kama mtu anayebeba sinia la mayai, na malori matatu yalijipanga nyuma. Chizuru alijua mahali pa kushusha, na pa kukanyaga, na pa kuachia. Alifumba macho, akaona ni afadhali ayafumbue. Ndani ya handaki injini ililia kuomba gia ya nne. Alihesabu kimoyomoyo hadi kumi na saba ndipo Nobuaki akaipata. Alipoipata alipumua kwa kishindo na kutabasamu, akageuza kichwa ili mkewe aone, na Chizuru akamwambia atazame barabara.

Walifika Maruko nusu saa nyuma ya muda wake wa kawaida. Kwenye mlango wa duka la soba palikuwa pameshatundikwa kibao: soba ya leo imekwisha. Nobuaki alisimama mbele ya kibao akakisoma mara mbili, kana kwamba kingebadilika. Akasema hapo ng'ambo kuna duka la kawaida, wanunue vitumbua vya maboga wale ndani ya gari.

Walikula wakiwa wamefungua paa, koti zimefungwa hadi shingoni, kwa sababu upepo wa mlimani ulikuwa bado na meno. Kiuno cha Chizuru kilikuwa kimekaza, na hakuwa amebandika kitu kwa kuwa Nobuaki alikuwapo. Nobuaki alizungumza mfululizo, jambo lisilo la kawaida, kuhusu klachi, mahali inaposhika, na jinsi mkufunzi alivyomfundisha kusikiliza badala ya kutazama. Chizuru alikuwa anayajua hayo yote tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Alisikiliza mpaka vitumbua vikaisha, akapangusa vidole.

"Ufunguo," alisema. "Kurudi naendesha mimi."

"Nilidhani baada ya handaki ni kuteremka, ni rahisi zaidi."

"Ufunguo, baba."

Nobuaki alimpa, wakazunguka gari kila mtu upande wake, na walipopishana mbele ya bampa alimuuliza kama Jumapili ijayo anaweza kujaribu tena. Chizuru alisema wataona. Aliingia, akavuta kiti mbele, maana mumewe alikuwa amekisukuma nyuma kabisa, na kikagoma njiani, na ikambidi ashuke tena kukivuta kwa mikono miwili.